Uhuru wa bendera na uhuru wa hati: Mapinduzi ya Marekani mbele ya watoto wa mataifa mengi

Nilikuwa nimekaa kati ya mwalimu na mama mmoja wa Uvira, mashariki mwa Kongo, kwenye viti vidogo vya wanafunzi, katika shule moja hapa Ohio. Kazi yangu ni ukalimani. Mwalimu alikuwa anaeleza darasa la nane wanasoma nini muhula huu: makoloni 13 ya Waingereza, kodi waliyoikataa, chai iliyomwagwa baharini Boston, kisha vita. Hapo kwenye vita nilikwama kidogo. Vitabu vyetu vingine vinasema Mapinduzi ya Marekani, vingine Vita vya Uhuru vya Marekani, na mkalimani hana muda wa kupima. Nikasema "vita vyao vya kudai uhuru".

Mama akanigeukia mimi, si mwalimu. "Papa, uhuru kutoka kwa nani? Hawa si walikuwa Waingereza wao kwa wao?"

Nikalipeleka swali. Mwalimu akatabasamu, akasema ni swali zuri sana, akaeleza habari za mfalme na bunge la London. Mama akasikiliza mpaka mwisho, ndipo akatoa lile lililomleta. Binti yake wa miaka 13 aliuliza darasani watu weusi walikuwa wapi wakati wote huo, akaambiwa hilo watalifikia Februari.

Februari ndio mwezi wa historia ya Weusi huku. Sina ugomvi na mwalimu yule. Chumba kimejaa watoto, kipindi hakifiki saa nzima, na mtihani wa jimbo unamsubiri. Ila jibu lake limenikaa kooni hadi leo. Mwaka 1775 makoloni yale yalikuwa na watu wapatao milioni 2.5, na kiasi cha nusu milioni kati yao walikuwa weusi, karibu wote watumwa. Ni mtu mmoja katika kila watano. Chukua darasa la watoto 25, watoe watano nje ya mlango, uwaambie wasubiri Februari. Hao waliobaki ndani nao utakuwa umewadanganya, maana wataondoka na vita ambavyo havikupiganwa hivyo.

Tarehe 4 Julai 2026 Azimio la Uhuru la Marekani linatimiza miaka 250, na ubishi wa namna ya kulifundisha umekuwa mkali. Tangu mwaka 2021 majimbo kadhaa yametunga sheria za kuwabana walimu juu ya namna ya kuzungumzia rangi na utumwa. Mwaka 2023 mwongozo wa jimbo la Florida uliwataka walimu waeleze kwamba watumwa walijifunza stadi ambazo, mara nyingine, ziliweza kuwafaa wao wenyewe. Sentensi kama hiyo mtu haiandiki kwa bahati mbaya. Lakini leo sitaki kubishana na wanaoziba midomo ya walimu, kwa kuwa wameshajibiwa na wengi. Nataka kubishana na watu wa upande wangu, wanaotaka historia ya watu wote, na ambao mara nyingi jibu lao ni kupachika.

Unafungua kitabu cha shule, unakuta maelezo yaleyale ya zamani, na pembeni mwa ukurasa kuna kisanduku chenye rangi. Ndani ya kisanduku yumo Crispus Attucks, mtu mwenye asili ya Kiafrika na ya wenyeji wa nchi, aliyeuawa kwa risasi za askari wa Kiingereza Boston tarehe 5 Machi 1770. Ukurasa mwingine yumo Phillis Wheatley, mshairi aliyeletwa kutoka Afrika Magharibi akiwa mtoto wa miaka saba hivi. Ni watu wa kweli, wanastahili kujulikana. Tatizo ni kwamba kisanduku hakigusi maelezo yaliyo katikati ya ukurasa. Katikati bado uhuru ni mmoja, umezaliwa Philadelphia lilikopitishwa Azimio, na watu wote wanauelekea. Wengine wanafika 1776, wengine wanachelewa kidogo. Mtoto mweusi anaambiwa: na ninyi mlikuwepo, mlisaidia. Kusaidia kazi ya nani?

Hapa lugha yetu ina kitu cha kumpa mwalimu wa Ohio. Neno uhuru tunalo katika tabaka mbili. Mtoto wa Dar es Salaam akilisikia anaona bendera, gwaride, tarehe 9 Desemba 1961. Lakini neno ni la zamani kuliko bendera yoyote ya Afrika Mashariki. Huru ni mtu asiye mtumwa. Zanzibar, baada ya amri ya Aprili 1897, mtumwa aliyetaka kutoka utumwani alipaswa kwenda mwenyewe mahakamani akadai, na aliyekubaliwa alitoka na karatasi, hati ya uhuru. Uhuru wake haukuwa na wimbo wala mizinga. Ulikuwa jina lake limeandikwa kwenye karatasi ambayo ole wake akiipoteza.

Basi kuna uhuru wa bendera na uhuru wa hati. Huo wa kwanza tumezoea kuutaja kwa kubeza, tukiwa na maana ya uhuru usio na mkate. Mimi hapa simbezi mtu. Nina maana ya taifa kujitoa mikononi mwa taifa jingine, na huo wa pili ni mtu kujitoa mikononi mwa mtu. Wasomaji wa Kiswahili tunajua kwamba mmoja unaweza kuja bila mwingine, kwa sababu kwetu ulikuja wa hati kwanza, chini ya bendera ya mgeni, na wa bendera ukafuata miaka zaidi ya 60 baadaye. Marekani mambo yalikwenda kinyume. Bendera ilipandishwa na watu waliokuwa wamezishikilia hati za wenzao.

Tarehe 7 Novemba 1775, gavana wa mfalme katika Virginia, Lord Dunmore, akiwa amefukuzwa mjini na kukimbilia melini kwenye maji ya Norfolk, alitia saini tangazo. Watumwa wa waasi, walio tayari na wawezao kubeba silaha upande wa mfalme, wawe huru. Dunmore mwenyewe alikuwa na watumwa, na hakugusa hata mmoja wa wale waliokuwa mali ya wafuasi wa mfalme. Ilikuwa hila ya vita. Mtumwa wa Virginia alilijua hilo vizuri kuliko sisi, na bado mamia waliondoka usiku, kwa miguu na kwa mashua, wakizitafuta meli zile. Gavana akawaunda kikosi, akakiita cha Waethiopia. Mwaka uliofuata ndui iliwachinja kambini, wakafa wengi kuliko walioanguka vitani.

Miezi minane baada ya tangazo lile, Azimio la Uhuru likaandikwa. Kila mtoto huku anaufahamu mwanzo wake, kwamba watu wote wameumbwa sawa. Wachache wanafikishwa kwenye lalamiko la mwisho katika orodha ya makosa ya mfalme. Linasema kwamba amechochea uasi wa ndani kati yetu, na kwamba amejitahidi kuwaleta juu ya watu wa mipakani "Wahindi washenzi wasio na huruma". Uasi wa ndani ndio wale waliokimbilia meli za Dunmore. Kwa hiyo watu waliohatarisha roho zao kutafuta uhuru wamo ndani ya Azimio la Uhuru, lakini wamo kama shtaka. Na sentensi hiyohiyo moja inawatupa nje wenye nchi pia, yaani wenyeji wa Amerika, ambao ndio walioitwa Wahindi.

Mwalimu mwenye dakika 40 tu anaweza kuzitumia 20 hapo. Soma mwanzo, soma lalamiko la mwisho, uliza nani yuko ndani ya "sisi" na nani yuko nje. Haihitaji kitabu kipya, na hakuna sheria ya jimbo inayoweza kumzuia mwalimu kusoma Azimio lenyewe neno kwa neno. Ndiyo maana nasema suala hili ni la maswali kuliko la visanduku.

Lakini swali likiulizwa vizuri halimwachi mtu yeyote astarehe, hata sisi. Kuna kishawishi, nimekiona kwa vijana wa Kiafrika huku, cha kugeuza ubao: basi Waingereza ndio waliokuwa wema. Hapana. Mtu mweusi wa miaka ile hakufuata bendera hata moja kati ya zile mbili. Alifuata hati, popote ilipokuwa. Mwaka 1778 jimbo la Rhode Island lilipoahidi kuwakomboa watumwa watakaojiunga na jeshi, walijiunga na jeshi la George Washington, mkuu wa majeshi ya waasi, na kwa jumla inakadiriwa weusi 5,000 hivi walipigana upande wa Wamarekani. Na Massachusetts alikuwepo mwanamke aliyeitwa Bett, mtumwa katika nyumba ya Ashley, mji wa Sheffield. Bibi wa nyumba alirusha koleo la moto kumpiga msichana mwingine, Bett akalikinga kwa mkono wake, na kovu lile hakulificha maisha yake yote. Alikuwa akiliacha wazi ili watu waulize. Katiba ya jimbo lake, ya mwaka 1780, ilisema kwamba watu wote huzaliwa huru na sawa. Bett hakujua kusoma. Alisikia maneno yakisemwa, akamwendea mwanasheria, Theodore Sedgwick, na mwaka 1781 baraza la wazee wa mahakama likamtoa utumwani na kuamuru alipwe shilingi 30. Akajiita Elizabeth Freeman, yaani mtu huru.

Huyo simwoni kama kisanduku cha pembeni. Mapinduzi yalifika mahali kwa sababu yeye aliyashika maneno yao na kuwauliza kama walimaanisha.

Niongeze neno juu ya Massachusetts, kwa kuwa linatuhusu na hakuna mtoto wetu anayeambiwa. Bibi zetu walivaa merikani. Kitambaa kile kilipata jina lake Zanzibar kwa sababu kililetwa na wafanyabiashara wa Kimarekani, hasa wa Salem, Massachusetts; Sayyid Said alitiliana mkataba na Marekani mwaka 1833, na mwaka 1837 konsuli wao, Richard Waters wa Salem, akafungua ofisi Unguja. Walileta nguo wakachukua pembe za ndovu na sandarusi. Nguo ilifumwa kwenye viwanda vya kaskazini, katika majimbo yaliyokwisha kuacha utumwa, na pamba ilichumwa kusini na watumwa. Jimbo lililompa Bett hati yake liliendelea kula jasho la wasio na hati, na sehemu ya jasho hilo ikavuka bahari mbili hadi ikawa neno la Kiswahili. Mtoto wa Kimvita au wa Kingazija aliyekaa darasani Boston ana haki ya kujua kwamba somo la makoloni lina uzi unaofika kwao, tena uzi wa kweli.

Sasa nije kwa wenye nchi. Vitabu vyetu vya zamani viliwaita Wahindi Wekundu, jina lililozaliwa na kosa la Columbus la kudhani amefika India, kisha likaongezwa rangi. Mimi hutaja taifa kwa jina lake, kama ambavyo nisingependa mtu aseme "kabila fulani la Afrika" akimaanisha Wazigua.

Haudenosaunee walikuwa shirikisho la mataifa sita: Mohawk, Oneida, Onondaga, Cayuga, Seneca na Tuscarora. Walikuwa na baraza lao, na amri kuu kati yao ilikuwa kwamba hawapigani wao kwa wao. Vita vya Wazungu vilipoanza walijaribu kukaa kando. Haikuwezekana. Mohawk, Seneca, Cayuga na Onondaga walio wengi wakaenda upande wa mfalme, na ukiangalia ramani utaelewa sababu: tangazo la mfalme la mwaka 1763 lilikuwa limewakataza walowezi kuvuka milima ya Appalachia, na walowezi ndio waliokuwa wanakodolea macho mashamba yao. Oneida na Tuscarora wengi wakaenda na Wamarekani. Tarehe 6 Agosti 1777, kwenye bonde la Oriskany, Oneida na Mohawk walitazamana kupitia mitutu ya bunduki. Shirikisho la karne nyingi lilivunjika siku hiyo kwa sababu ya ugomvi wa watu wengine.

Miaka miwili baadaye Washington alimtuma Jenerali John Sullivan kwenye nchi ya Seneca na Cayuga. Agizo la maandishi, la tarehe 31 Mei 1779, lilitaka makazi yao yaangamizwe kabisa, na wakamatwe mateka wengi iwezekanavyo wa kila umri na jinsia. Jeshi lilichoma vijiji vipatavyo 40. Sullivan mwenyewe aliripoti kuteketeza mahindi busheli 160,000. Askari waliandika kwenye shajara zao wakishangaa: nyumba za mbao zenye madirisha, miti ya matofaa na ya pichi iliyopandwa kwa mistari, mahindi marefu kuliko mtu. Waliikata miti ile mmoja mmoja. Majira ya baridi yaliyofuata, watu waliokimbilia kwenye ngome ya Niagara walikufa kwa njaa na baridi.

Huko kwa Seneca jina la Washington lilikuwa Mharibu Miji. Mwaka 1790 kiongozi wao, Cornplanter, alimwambia usoni, akiwa sasa ni rais, kwamba mpaka siku hiyo jina lile likitajwa wanawake wao hugeuka kutazama nyuma yao na kupauka, na watoto hung'ang'ania shingo za mama zao.

Ningependa mtoto alisome hilo pamoja na ile picha maarufu ya Washington akivuka mto Delaware, siku moja, somo moja. Wanaopinga husema hapo ndipo tunapowafundisha watoto kuchukia nchi. Sioni hivyo. Anayezisoma zote mbili hana njia ya kumfanya Washington kuwa sanamu, wala hana njia ya kumfanya shetani. Anabaki na mtu aliyekuwa akijua anachokifanya, na hilo ni gumu kulibeba kuliko sanamu na shetani. Watoto wa miaka 13 wanaweza kulibeba. Wengine katika darasa lile wameshabeba makubwa zaidi kabla ya kufika Ohio.

Na Oneida, waliokuwa marafiki? Mkataba wa Paris wa 1783, uliomaliza vita, uligawa nchi yao bila kuwataja, wao na wenyeji wengine wote. Walioahidiwa kwamba ardhi yao haitaguswa walitazama jimbo la New York likiinunua vipande kwa vipande, tangu 1785, kwa bei ya kutupa, hadi wakabakiwa na kiraka. Marafiki na maadui walifika mahali pamoja. Kwangu mimi huu ndio ukurasa mzito kuliko yote ya vita ile, na katika darasa nililoliona haumo hata kwenye kisanduku.

Ninapoyasema haya sitaki msomaji wa Tanga au Mwanza adhani ni matatizo ya Wamarekani peke yao. Nami nilisoma Maji Maji kama vita ya Waafrika na Wajerumani, basi. Hakuna aliyeniambia kwamba bunduki nyingi za upande wa Mjerumani zilishikwa na askari weusi, Wasudani, Wamanyema, Wanyamwezi, na kwamba kila mmoja alikuwa na sababu iliyomfikisha pale. Nilipokuja kulijua hilo ukubwani, nilihisi nimenyimwa kitu. Swali la Oneida na Mohawk ni swali ambalo mtoto wa Songea anaweza kulielewa kabla mwalimu hajamaliza kuliuliza.

Wapo pia wa upande mwingine wa bara letu. Mwaka 1619 Waafrika ishirini na ushei walishushwa Point Comfort, Virginia. Walikuwa wameporwa baharini kutoka meli ya Kireno iliyotoka Luanda. Wanahistoria wanaona walikuwa watu wa Ndongo, katika Angola ya leo, na majirani zao, wasemaji wa Kimbundu. Kimbundu ni Kibantu. Mtu kwao ni mutu. Tarehe 9 Septemba 1739, kandokando ya mto Stono huko Carolina Kusini, kundi la watumwa lilivunja duka la silaha, likaelekea kusini, Florida ya Wahispania, ambako waliotoroka Carolina walikuwa wamepewa uhuru na ngome yao ya Mose tangu mwaka uliotangulia. Taarifa ya wakati ule inasema walikwenda kwa bendera na ngoma mbili, wakipaza sauti wakitaja uhuru. Walowezi waliwaita watu wa Angola. Watafiti wengi leo wanawahesabu kuwa wa ufalme wa Kongo, baadhi yao Wakatoliki waliojua Kireno. Hiyo ni miaka 37 kabla ya Azimio. Neno uhuru lilipigiwa ngoma Carolina na Wakongo kabla Jefferson, mwandishi wa Azimio, hajazaliwa.

Je, binti wa Uvira ni wao? La, si moja kwa moja. Uvira iko mbali zaidi na pwani ya Kongo kuliko ilivyo mbali na Mombasa, na ningekuwa mwongo nikimwambia hao ni babu zake. Hapa ndipo ufundishaji wa tamaduni nyingi hukosea kwa nia njema. Nimewahi kumkalimania baba mmoja ambaye mwanawe aliombwa, mbele ya darasa zima, aeleze utumwa ulikuwaje, kwa kuwa yeye ni Mwafrika. Mtoto alizaliwa kambini Kigoma. Alijua foleni ya maji na mgao wa unga. Juu ya mashamba ya tumbaku ya Virginia hakujua lolote zaidi ya mwenzake mwenye nywele za dhahabu aliyekaa naye. Kumtazama kama shahidi ni kumwambia bado wewe ni mgeni. Shule nyingine zimewalaza watoto sakafuni kwa mistari, eti waigize meli ya watumwa. Mzazi anayesikia hayo hahitaji mkalimani.

Mtoto apewe waraka, si uigizaji. Apewe jina, tarehe, maneno yaliyoandikwa siku ile, kisha aulizwe: mtu huyu alikuwa na njia zipi mbele yake, na kila njia ilikuwa na bei gani? Bett alikuwa na njia. Oneida walikuwa nazo, zote mbaya. Swali hilo halimwonei mtoto mweupe pia, maana mkulima maskini wa Pennsylvania naye alikuwa na njia zake za kuchagua, na askari wa Kijerumani aliyekodishwa na mtawala wake kupigana Amerika hakuwa na nyingi.

Nirudi kwenye vile viti vidogo. Mwalimu yule, ambaye nasema tena kwamba alikuwa mtu mwema, aliuliza kama nina pendekezo. Mkalimani hatakiwi kuwa na mapendekezo. Nilimwomba mama ruhusa kwanza, akaniambia sema, papa. Nikamtajia mwalimu daftari la mwaka 1783, Daftari la Weusi. Waingereza walipokuwa wanaondoka New York, Washington alikutana na kamanda wao, Guy Carleton, tarehe 6 Mei, akadai watumwa warudishwe, kwa kuwa mkataba ulikataza kuondoka na weusi au mali nyingine. Carleton akakataa. Walioingia upande wa Waingereza kwa ahadi ya uhuru, alisema, hatawarudisha. Bandarini kila mmoja akaandikwa: jina, umri, maumbile, alikuwa wa nani, anaondoka na meli gani. Majina 3,000. Wengi mikononi walikuwa na hati iliyosainiwa na Jenerali Birch wa Waingereza.

Mwalimu aliitafuta nakala kwenye kompyuta yake pale pale. Akasoma mstari, nikatafsiri polepole: Deborah, miaka 20, mwanamke wa nguvu, midomo minene, ana makovu ya ndui, alikuwa mtumwa wa Jenerali Washington, aliondoka yapata miaka minne iliyopita. Akasoma mwingine: Harry Washington, miaka 43, alikuwa mali ya Jenerali Washington, alimwacha miaka saba iliyopita. Harry alikuwa mtunza farasi wa Mount Vernon, shamba la Washington, aliyeletwa kutoka pande za mto Gambia.

Mama alikuwa ameinama mbele. "Wanamwandika kama ng'ombe," alisema. Kisha, baada ya kimya: "Lakini wamemwandika."

Nilikumbuka anatoka wapi. Miaka 14 alikaa Nyarugusu, kambi ya wakimbizi kule Kigoma, na pale watu walikuwa wakisimama mbele ya ubao wakitafuta jina lao kwenye orodha ya wanaosafiri: jina, umri, idadi ya familia, tarehe ya basi. Hakuhitaji kuelezwa daftari lile ni kitu gani.

Akaanza kuuliza, haraka kuliko nilivyoweza kutafsiri. Walipelekwa wapi? Nova Scotia, Kanada, kwenye baridi. Walipewa ardhi? Waliahidiwa, wengi walipata mawe, wengine hawakupata kitu. Walikubali tu? Hawakukubali. Januari 1792 karibu 1,200 kati yao walipanda meli 15 kutoka Halifax kwenda Sierra Leone, Harry akiwa mmoja wao. Na kule? Kule kampuni iliyowapeleka ikawatoza kodi ya ardhi, mwaka 1800 baadhi yao wakaasi, Harry akashitakiwa pamoja nao na kufukuzwa mjini.

"Kodi," mama akasema, akamtazama mwalimu moja kwa moja kwa mara ya kwanza jioni ile. "Mwambie. Na huyu pia alikataa kodi."

Nilimwambia. Mwalimu akaacha kuandika kwenye kompyuta, akachukua kalamu, akaomba nimtajie herufi za neno hati.